Kizazi Kimetolewa, Joto na Hofu Vimeanza

Barua za wasomaji hujibiwa hapa na muuguzi mkunga mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi katika wodi za wanawake mkoani Kilimanjaro. Majina ya wanaoandika hayachapishwi.

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 43, mama wa watoto watatu, na ninaishi Pasua hapa Moshi. Miezi saba iliyopita nilipasuliwa na kutolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe ulionitesa kwa miaka minne, ambapo nilikuwa nikitokwa na damu karibu nusu ya mwezi na nikaongezewa damu mara mbili. Upasuaji ulikwenda vizuri na kidonda kilipona. Ilipofika kama wiki ya tatu, nikiwa bado nauguza kidonda nyumbani, nilianza kushikwa na joto linalopanda kutoka kifuani hadi usoni, jasho linanitiririka, kisha nabaki natetemeka kwa baridi. Usiku naamka saa nane moyo unanidunda kama mtu aliyekimbizwa, na kanga niliyojifunga imeloa. Nimepimwa malaria mara nne na homa ya matumbo mara mbili. Dawa mseto nimekunywa mara mbili, ingawa kipimo hakikuonyesha kitu. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kwamba moyo ni mzima.

Lakini kinachonimaliza zaidi ni hofu. Siku moja joto lilinikuta ubaoni mbele ya darasa la sita, nikasahau nilichokuwa nikifundisha, nikatoka nje nikidhani kwamba nakufa. Tangu hapo naogopa kusimama darasani, siwezi kupanda daladala iliyojaa, na kanisani nakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Nalia bila sababu. Mama mkwe anasema kwamba mwanamke asiye na kizazi damu yake chafu haina pa kutokea, hivyo hupanda kichwani. Wenzangu wa kikundi cha maombi wanasema ni roho ya hofu. Rafiki yangu mmoja amenishauri nitumie vidonge vya majira ili nirudishe homoni, na mwingine ananiambia kwamba homoni huleta saratani. Mahali nilipopasuliwa hakuna aliyenieleza kwamba mambo haya yangetokea, na karatasi ya kuruhusiwa imeandikwa "TAH + BSO" na tarehe ya kurudi kutolewa nyuzi, basi. Je, nina ugonjwa gani, na nitaishi hivi hadi lini?

Mwalimu, Pasua

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa miezi saba ya kuhangaika. Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia mwisho, kwenye zile herufi za karatasi ya kuruhusiwa, kwa maana jibu la swali lako limekaa pale tangu siku ulipotoka wodini, ila hakuna aliyekusomea. TAH ni kifupisho cha kitabibu kinachomaanisha kwamba kizazi chote pamoja na shingo yake kimetolewa kwa kupasua tumbo. BSO inamaanisha kwamba mirija ya uzazi pamoja na ovari, yaani vile vifuko viwili vya mayai, vimetolewa pande zote mbili. Kama ingeandikwa TAH peke yake, ningekujibu vingine, na kama ingeandikwa USO, ungekuwa umebakiziwa ovari moja. Wewe hukutolewa kizazi tu. Ulitolewa na kiwanda cha homoni, na kila unachokieleza kinaanzia hapo.

Kizazi chenyewe ni mfuko wa kulelea mimba. Homoni ya kike iitwayo estrojeni hutengenezwa kwa sehemu kubwa na ovari, na kazi zake zinavuka mipaka ya uzazi, kwa kuwa inahitajika na mifupa, mishipa ya damu, ngozi, usingizi na ubongo. Mwanamke asiyepasuliwa hukoma hedhi akiwa na umri wa miaka 50 hivi, na kabla ya kufika hapo ovari zake hulegea kwa miaka kadhaa, kama koroboi inayoishiwa mafuta huku wenye nyumba wakizoea mwanga unaopungua. Yako imepulizwa mchana mmoja, ukiwa na miaka 43 na mwili haujajiandaa kwa lolote. Ndiyo maana dalili za mwanamke aliyeondolewa ovari mara nyingi huwa kali kuliko za dada yake aliyekoma hedhi kwa umri, na huanza mapema, ndani ya siku au wiki chache baada ya upasuaji, kama ilivyokuwa kwako.

Kuhusu lile joto, ipo sehemu ndogo ndani ya ubongo inayoongoza joto la mwili. Estrojeni ikishuka ghafla, sehemu hiyo huwa na haraka ya kudanganyika: joto likizidi kidogo tu, kiasi ambacho zamani usingekihisi, ubongo huchukua hatua kana kwamba umeanikwa juani. Mishipa ya damu ya ngozi hupanuka, uso hupata moto, jasho hutoka na moyo hupiga haraka. Baada ya dakika moja hadi tano hivi mwili unakuwa umepoa kupita kiasi, nawe unatetemeka. Hiyo ndiyo safari nzima, nayo haiharibu moyo wako. Kipimo cha umeme wa moyo ulichofanyiwa kilisema kweli.

Mama mkwe mjibu kwa heshima, maana anarudia alichofundishwa na wakubwa zake. Damu ya hedhi ni utando wa ndani ya kizazi unaojengwa kila mwezi na kubomoka. Kizazi kisipokuwapo, utando haujengwi, kwa hiyo hakuna damu inayotafuta njia, iwe ya kupanda kichwani au ya kushuka miguuni.

Suala la malaria nalisemea kwa uchungu kidogo, kwa kuwa wodini nimeona wanawake wengi wa umri wako waliomeza dawa mseto mwaka mzima kwa ajili ya joto la kukoma hedhi. Kwetu jasho na kutetemeka vimekuwa jina jingine la malaria, na mtu akipimwa akaonekana hana, husema kwamba imejificha. Nunua kipimajoto, ujipime kwapani wakati joto limekushika. Malaria hupandisha kipimo hadi nyuzi 38 na zaidi, lakini joto la homoni hukuunguza uso huku kipimo kikibaki karibu na kawaida. Kipimo cha malaria kikisema hakuna, na kipimajoto kikisema hakuna homa, usinywe dawa.

Hata hivyo nisingependa uyapeleke yote kwenye homoni kabla ya daktari kukutazama. Ulipoteza damu nyingi kwa miaka minne, na upungufu wa damu peke yake hufanya moyo udunde, kwa hiyo wingi wa damu upimwe upya. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta jasho, mapigo ya haraka, wasiwasi na kukonda, na dalili zake hufanana mno na zako. Sukari ipimwe. Na jasho la usiku likiambatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi na kupungua uzito, hiyo ni habari ya kifua kikuu. Vipimo hivi havina gharama ya kutisha, na huondoa maswali ambayo yangekurudia kila saa nane ya usiku.

Sasa nije kwenye hofu, ambayo naona ndiyo iliyokufanya uandike. Ina mizizi miwili, na ukitibu mmoja ukaacha mwingine utashangaa kwa nini hujapona.

Mzizi wa kwanza ni wa mwili. Estrojeni inashirikiana na kemikali za ubongo zinazotuliza moyo na kuleta usingizi, na inaposhuka ghafla, wanawake wengi hupata wasiwasi, hasira za karibu na machozi yasiyo na msiba. Ongeza hapo kwamba hujalala usiku mzima kwa miezi saba. Mtu yeyote aliyenyimwa usingizi kwa muda huo, hata asiyeguswa na kisu, angetetemeka mbele ya darasa la sita. Kwa hiyo usijione dhaifu wa imani wala wa akili.

Mzizi wa pili ni hofu uliyojifunza wewe mwenyewe bila kukusudia. Siku ile ubaoni moyo ulidunda kwa sababu ya joto, akili ikausoma mdundo huo kuwa ni kifo, hofu ikauongezea moyo kasi, kasi ikathibitisha hofu, nawe ukatoka nje. Ulipofika nje hali ikatulia, kama ambavyo ingetulia hata kama ungebaki ndani, lakini akili ikaandika kwamba kilichokuokoa ni mlango. Tangu hapo unatafuta milango: benchi la mwisho kanisani, daladala isiyojaa, ruhusa ya kutofundisha. Kila unapokimbia unapata nafuu ya dakika kumi, na hofu inapata chakula cha wiki nzima.

Wenzako wa maombi siwapingi, na wewe usiwakimbie, kwa kuwa kukaa na watu wanaokutakia mema ni sehemu ya kupona. Ninachoomba ni kwamba asiwepo wa kukuambia uache dawa ili kuthibitisha imani, na kwamba usikubali kuitwa mwenye pepo kwa jambo ambalo limeandikwa kwenye karatasi yako kwa herufi tatu.

Cha kufanya wiki hii ni kuichukua karatasi hiyo na kwenda nayo kliniki ya magonjwa ya wanawake, iwe Mawenzi au KCMC, na kumwambia daktari kwa maneno haya: "Nina miaka 43, nimetolewa ovari zote mbili miezi saba iliyopita, nina joto la ghafla, silali, na nina hofu inayonizuia kazi. Je, ninafaa kupewa estrojeni?" Mwanamke aliyeondolewa ovari kabla ya miaka 45, na asiye na kizuizi cha kiafya, kwa kawaida hushauriwa kutumia homoni hiyo angalau mpaka afikie umri ambao angekoma hedhi mwenyewe. Sababu yake haiishii kwenye joto na usingizi. Kukaa miaka saba au minane bila estrojeni kabla ya wakati hufanya mifupa iwe myepesi na huongeza uwezekano wa maradhi ya moyo uzeeni.

Kwa upande huu kutolewa kizazi kumekurahisishia jambo moja. Mwanamke mwenye kizazi akipewa estrojeni ni lazima aongezewe homoni nyingine ya kundi la projestojeni, la sivyo utando wa kizazi hukua na unaweza kugeuka saratani. Wewe huna utando huo, kwa hiyo kwa kawaida unahitaji estrojeni peke yake. Tofauti hii ina maana kubwa kwa swali lako la saratani. Habari kwamba homoni huleta saratani zilienea duniani mwaka 2002, wakati utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative uliposimamisha sehemu yake iliyohusu wanawake wenye kizazi waliokuwa wakitumia homoni mbili pamoja, baada ya saratani ya matiti kuongezeka miongoni mwao. Lakini utafiti huo ulikuwa na sehemu ya pili, ya wanawake 10,739 waliokwisha kutolewa kizazi kama wewe, ambao karibu nusu yao walipewa estrojeni peke yake na waliobaki kidonge kisicho na dawa. Nayo ilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu ya kuongezeka kwa kiharusi, ila saratani ya matiti haikuongezeka kati ya waliotumia estrojeni. Tena washiriki walikuwa na umri wa miaka 50 hadi 79, na wengi walianza dawa wakiwa wamepita miaka 60. Kumtisha mwanamke wa miaka 43 kwa matokeo ya bibi wa miaka 70 si haki, na ninasema hivyo nikijua kwamba hata baadhi ya watumishi wa afya bado hufanya hivyo.

Wapo wasiopaswa kupewa: aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo, na mwenye ugonjwa mkali wa ini. Mweleze daktari historia yako na ya mama yako na dada zako bila kuficha, na presha yako ipimwe. Estrojeni ipo kama kidonge, na ipo kama plasta ya kubandika au jeli ya kupaka kwenye ngozi. Zile zinazopitia ngozi zina hatari ndogo zaidi ya kugandisha damu, lakini si kila duka la dawa huwa nazo, kwa hiyo ulizia kwenye famasia kubwa ukiwa na cheti mkononi. Vidonge vya majira usivitumie kama mbadala kwa kuazima kwa rafiki. Homoni zake ni za aina nyingine na nguvu nyingine, vimetengenezwa kuzuia mimba ambayo wewe huwezi tena kuipata, na kwa mwanamke aliyepita miaka 35 mwenye presha au anayevuta sigara vinaweza kugandisha damu.

Ikiwa daktari ataona kwamba homoni hazikufai, ziko dawa nyingine. Baadhi ya dawa za kutibu sonona, kwa mfano venlafaksini, hupunguza joto la ghafla na wasiwasi kwa pamoja, na gabapentini husaidia hasa wale wanaosumbuliwa usiku. Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kabla hujaona nafuu, kwa hiyo usizitupe siku ya tano. Ninachokukataza kabisa ni kwenda dirishani kununua diazepamu, ile ambayo watu huiita Valium. Itakulaza, nakubali, lakini baada ya wiki chache mwili utaidai, na kuiacha kutakuletea hofu kubwa kuliko hii uliyo nayo.

Kwa ule mzizi wa pili, dawa ya kumeza haitoshi. Katika hospitali kubwa kuna kitengo cha afya ya akili, na humo wapo wanaotoa tiba ya mazungumzo ambayo humfundisha mtu kuusoma mwili wake upya. Najua jina la kitengo hicho linavyosikika mtaani. Kaingie hivyo hivyo. Huku ukisubiri zamu yako, anza wewe mwenyewe polepole. Panda daladala saa nne asubuhi, ikiwa haijajaa, ushuke kituo cha pili. Rudia siku kadhaa mpaka ikuchoshe kwa uzoefu, ndipo uongeze kituo. Kanisani sogea benchi moja mbele kila Jumapili. Hofu ikija, usitoke. Vuta pumzi kwa pua huku ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita, na useme moyoni, "Hili ni joto, lina dakika tano." Pumzi hiyo haizimi joto lenyewe, na nisingependa uambiwe kwamba inalizima, lakini inaizuia hofu isilipande mgongoni.

Darasani mwambie mwalimu mkuu, angalau kwa kifupi kwamba unapata matibabu baada ya upasuaji. Weka chupa ya maji mezani, fundisha karibu na dirisha, na uwe na zoezi moja la wanafunzi kuandika ambalo unaweza kulitoa wakati wowote ukakaa chini dakika tano. Wanafunzi hawataona ajabu. Wao hufurahi mwalimu akikaa. Vaa nguo za pamba zinazovulika, na usiku lala na kanga mbili ili ukiloa moja usilazimike kuwasha taa na kutafuta nyingine. Moshi ya Januari na Februari inamtoa jasho hata mwenye ovari zake, kwa hiyo miezi hiyo usijilaumu kwamba umerudi nyuma. Angalia pia kinachokuchokoza: kwa wengine ni kahawa, kwa wengine pilipili, mtori wa moto sana, au mbege ya kwenye sherehe. Andika kwenye daftari kwa wiki mbili, saa iliyokushika na ulichokula kabla, kisha uache kile tu ambacho daftari limekishtaki. Sina sababu ya kumnyima kahawa mtu ambaye haimdhuru.

Kwa ajili ya mifupa, kula dagaa pamoja na mifupa yake, maziwa au mtindi kila siku, na utembee kwa miguu kila inapowezekana.

Umeniuliza utaishi hivi hadi lini. Joto la ghafla lisipotibiwa huweza kudumu miaka kadhaa, na kwa wengine hufika miaka saba na kupita, ingawa makali yake hupungua. Likitibiwa kwa estrojeni, wengi huanza kuona tofauti ndani ya wiki chache, na kufikia miezi mitatu daktari anaweza kujua kama kipimo cha dawa kinakutosha. Hofu hufuata nyuma yake kwa mwendo wa polepole zaidi. Ila ukianza kuwaza kwamba afadhali usiwepo, usisubiri kliniki wala jibu la gazeti; mwambie mumeo au jirani, na uende hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukipata maumivu ya kifua unapopanda kilima, au mguu mmoja ukivimba na kuuma.

Neno moja kwa wauguzi wenzangu wanaosoma safu hii. Mgonjwa alitia saini fomu ya upasuaji, lakini kutia saini si kuelewa. Kabla ya mwanamke kupelekwa chumba cha upasuaji, na hasa aliye chini ya miaka 45, inatupasa kumwambia kwa Kiswahili kama ovari zitabaki au zitatoka, kwa sababu gani, na nini kitafuata. Dakika kumi za maelezo zingemwepusha mwalimu huyu na vipimo vinne vya malaria.

SWALI

Shikamoo Mama. Mke wangu ana miaka 47. Mwaka mmoja na nusu uliopita alitolewa kizazi, na daktari alitueleza wazi kwamba ovari zimeachwa, hivyo hangepata shida za kukoma hedhi. Miezi ya karibuni amekuwa mkali, anaamka usiku kufungua madirisha wakati Arusha yote inatetemeka kwa baridi ya Julai, na tendo la ndoa amelikataa karibu kabisa, akisema linamuumiza. Nimeanza kuwaza mabaya. Je, inawezekana kwamba ni homoni, ilhali ovari anazo?

Mume, Sakina, Arusha

JIBU

Marahaba, baba. Inawezekana, tena sana. Ovari zilizoachwa huendelea kufanya kazi, lakini baada ya kizazi kutolewa mara nyingi huchoka mapema kidogo kuliko ambavyo zingechoka, kwa kuwa upasuaji hugusa sehemu ya mishipa inayozilisha damu. Na mkeo ana miaka 47, umri ambao wanawake wengi huanza kuziona dalili hizo hata bila upasuaji. Tatizo ni kwamba mwenye kizazi hujulishwa na hedhi inayoruka miezi, ilhali mkeo hana tena kalenda hiyo, kwa hiyo yeye mwenyewe anaweza asijue kinachompata. Kwa umri wake daktari anaweza kutambua hali hiyo kwa kusikiliza dalili, bila kulazimika kupima homoni kwenye damu.

Maumivu ni ya kweli. Estrojeni ikipungua, ukuta wa uke huwa mkavu na mwembamba, na tendo la ndoa huwa kama kukwaruzwa kidonda. Tofauti na joto la ghafla, ukavu huo hauishi wenyewe kwa kungoja. Jeli ya kulainisha inayotengenezwa kwa maji husaidia, na ipo estrojeni ya kuweka ukeni kwa kiasi kidogo, ambayo hufanya kazi pale pale na haisambai mwilini kwa wingi. Mafuta ya kupaka mwili yenye manukato msiyatumie, yanawasha.

Nimeona umeandika kwamba umeanza kuwaza mabaya. Mwanamke mwenye mtu wa pembeni hafungui dirisha saa tisa usiku mwezi wa Julai Arusha. Huyo amelala fofofo. Nendeni pamoja Mount Meru au kwa daktari yeyote wa magonjwa ya wanawake, na huko kliniki ingia naye kama atapenda, usibaki nje na simu. Kuhusu dirisha, mwache alifungue, wewe ongeza blanketi la kwako peke yako.

SWALI

Nina miaka 52 na nilitolewa kizazi miaka mitatu iliyopita kwa sababu ya uvimbe wa kawaida. Hapa Himo wamekuja watu wa kupima saratani ya shingo ya kizazi. Je, na mimi niende, au hainihusu tena?

Mama, Himo

JIBU

Inategemea kama shingo ya kizazi iliondolewa, mama yangu, maana wako wanaotolewa kizazi na kuachiwa shingo. Kama iliondolewa, na nyama iliyopelekwa kupimwa haikuonyesha dalili za saratani, na hukuwahi kuambiwa siku za nyuma kwamba shingo ina mabadiliko mabaya, kipimo hicho hakikuhusu tena. Kama shingo ilibaki, nenda kapimwe kama wanawake wengine. Angalia karatasi yako ya upasuaji. Kama imepotea, nenda tu, umweleze mpimaji, naye atatazama kwa kifaa kile kile anachotumia kwa wote na kukuambia papo hapo kama shingo ipo.